Mwalimu wa Asidi wa Mususa

Butembo, mji wa biashara mashariki ya Kongo, ina watu wengi wanaojua kujisifu. Mwenye kiduka cha sabuni atakuambia kwamba Dubai wanamjua kwa jina. Mwenye pikipiki ya kuazima atakuambia ameiacha gari nyumbani ipumzike. Lakini waliomjua Salomon Syauswa wa mtaa wa Mususa watakubali, hata wakikunja uso, kwamba wote hao walikuwa wanafunzi wake tu, tena wale wa viti vya nyuma.

Kazi yake ilikuwa kuchaji bateri. Mji haukuwa na umeme, na mwaka ule wa 2001 ulikuwa wa vita, barabara inafungwa leo, inafunguka kesho kutwa, kwa hiyo habari zote zilipita katika fonie, zile redio za kusema na kuitikia ambazo watu waliziweka vibandani na kuwahudumia wenye shida ya kuongea na mbali. Fonie ilikula bateri, na bateri ilikula kwa Salomon. Walizileta begani, wakazileta kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, wanajeshi wakazileta kwa jipi bila kusalimu. Yeye aliwasha jenereta yake ndogo, akaunga nyaya, akaandika jina la kila mwenye bateri kwenye ukuta wa ndani aliokuwa ameupaka rangi nyeusi, kisha akaenda kusimama mlangoni, mikono kiunoni, ili wapita njia wamwone.

"Mi nikilala siku mbili," alipenda kusema, "Butembo muzima inakuwa bubu."

Hapo alisema kweli, au karibu na kweli. Shida yake ni kwamba kweli ya kiasi hicho haikumshibisha. Aliongeza kwamba alisoma biochimie, yaani biolojia na kemia, miaka minne kwa mapadri upande wa Lubero. Kwamba katika chimie hakuna aliyemsogelea. Kwamba padri mmoja Mbelgiji alilia machozi siku Salomon alipoacha shule, na kwamba aliiacha kwa sababu baba yake alikufa na ng'ombe wakakosa mtu. Baba huyo alikuja kufa miaka mingi baadaye, na ng'ombe wake walikuwa kuku wanne.

Mambo yalivyokuwa hasa ni hivi: Salomon alimaliza mwaka wa kwanza wa sekondari, akaanguka wa pili, akaona haya kurudi nyumbani na ile bulletin, karatasi ya alama, mkononi, akaomba kazi pale pale shuleni. Miaka mitatu aliosha chupa za laboratwari. Huko ndiko alikookota maneno kama réactif na tube à essai, akatoka nayo, akayavaa maisha yake yote mbele ya watu. Dada yake Virginie alilijua jambo hilo na hakumwambia mtu. Mtu hamvui nguo kaka yake.

Sasa, Virginie alikuwa na binti, Jokébed, aliyekuwa mwaka wa sita wa biochimie, mwaka wa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mwalimu wao wa chimie alikuwa ameondoka mwezi wa pili kwenda kuchimba madini ya koltan, kwa kuwa koltan ililipa na shule haikulipa. Mkuu wa shule aliwaambia wanafunzi wajipange wenyewe. Ndipo Jokébed alipofikiria ule ukuta mweusi.

"Mujomba," alimwambia, akisimama mlangoni na viatu mkononi ili asiingize matope, "tuko naomba nafasi ku ukuta wako, saa ya mangaribi tu, mbele giza haijaingia. Tuko batatu."

"Batatu tu? Lete darasa yote!" alijibu Salomon, na moyo wake ukaruka kama wa mtoto aliyepewa mpira.

Walikuwa watatu kweli. Jokébed mwenyewe, mtulivu, mwenye kahie, yaani madaftari, zilizofunikwa kwa magazeti. Rafiki yake Joyeuse, mwenye ulimi mwepesi na mwandiko mbaya. Na Lusenge, kijana mkubwa wa mabega, mwenye kufahamu polepole lakini akishafahamu hakiachi kitu. Lusenge alikuwa anarudia mwaka. Mwaka uliopita alipata asilimia arobaini na tisa, na anayepita ni wa hamsini. Alama moja! Mtaa mzima ulijua. Wadogo zake walimwita Quarante-neuf, na yeye aliitikia.

Walianza kuja kila siku. Salomon alifuta majina ya wenye bateri na kuyapeleka kona ya chini, akawaachia ukuta wote. Alivuta kigoda karibu na mlango, akajifanya anakwangua kutu kwenye vyuma, masikio yote mawili yakiwa ndani.

"Mole ni nini?" Lusenge aliuliza, mara ya tatu juma lile.

"Lusenge we!" alisema Joyeuse. "Mole ni hesabu. Kama dazeni. Dazeni ya mayai, dazeni ya matofali, yote ni kumi na mbili."

"Mais mayai kumi na mbili na matofali kumi na mbili, uzito hapana moja."

"Donc umeshasikia! Njo maana mole ya chuma na mole ya hidrojeni, uzito hapana moja. Hesabu ni ile ile, kilo ni mbalimbali."

Lusenge aliangalia dari kwa muda mrefu. "Na ile hesabu ni ngapi?"

"Ni sita, na sufuri nyuma yake, kama unaziandika zinafika mupaka ku soko."

"Nani alizihesabu?"

"Avogadro," alisema Salomon kutoka mlangoni, bila kuinua kichwa. "Mapadri betu balikuwa na barua yake mu kabati."

Wasichana walitazamana. Lusenge alitikisa kichwa kwa heshima.

Kulikuwa na siku alizosema kweli, tusimnyime haki yake. Siku moja Jokébed aliuliza ni gesi gani inayotoka kwenye bateri inapochajiwa, yenye kufanya mapovu, na Salomon akajibu papo hapo: hidrojeni, na ndiyo sababu alimfukuza sajini mmoja na sigara yake. Jokébed alifungua kahie, akakuta hivyo hivyo. Tangu siku ile Lusenge alimwita Tonton Prof. Salomon aliunyoosha mgongo, na ukabaki umenyooka hata kanisani.

Ndipo ikafika siku ya ile item, lile swali la mtihani, ya asidi. Jokébed alikuwa na karatasi za mitihani ya zamani, akasoma moja kwa Kifaransa kisha akaieleza: mtu ana asidi ya sulfuriki kali, anataka kuipunguza nguvu kwa maji. Atafanya nini? Majibu ni matano, uchague moja. Akaandika ukutani kwa mwandiko wake mzuri: asidi inamwagwa ndani ya maji, kidogo kidogo.

Nyuma yake Salomon akaangua kicheko. Alicheka mpaka mama aliyekuwa anapita na mzigo wa makaa akasimama kutazama.

"Nani alikuandikia ile?"

"Ni kahie ya mwaka wa tano, mujomba. Mwalimu alitupatia dictée."

"Mwalimu wako leo iko wapi? Iko nachimba udongo! Sikiliza, mutoto wa dada yangu. Mi niko ku hii kazi miaka kumi na moja. Bateri ikikauka nafanya nini? Nachukua maji, naweka juu ya asidi. Maji, ndani ya asidi. Kila siku ya Mungu. Ulishaniona hata siku moja nageuza bateri, namwaga asidi mu jagi ya maji kama mutu mwenye kulewa?"

Lusenge alicheka. Joyeuse alitazama miguu yake.

"Na uso wangu?" Salomon aliendelea, akijipiga kidole shavuni. "Ilishaungua? Angalieni. Uso iko namna gani?"

"Iko muzuri, Tonton," alisema Joyeuse, bila kuuangalia.

"Mujomba," alisema Jokébed taratibu, "pengine mu bateri ile asidi ilikuwa imesha..."

"Pengine! Mapadri hapana kufundisha pengine!"

Jokébed alishikilia chaki. Alikaa nayo hivyo mkono ukiwa nusu juu, kama mtu anayetaka kubisha hodi kwenye nyumba ambayo hana hakika nayo. Kisha akafuta alichoandika kwa kiganja, akaandika maneno ya mjomba wake. Lusenge aliyanakili kwenye kahie yake na kuyakatia mstari chini. Akatazama, akakata wa pili.

Salomon aliwaletea mandazi siku ile, kwa furaha.

Mwaka huo shule zenye wanafunzi wachache wa biochimie ziliambiwa zipeleke watoto wao kwenye kituo kimoja huko Beni. Watatu hao waliondoka Jumamosi juu ya lori la maharagwe, wakakaribishwa kwa shangazi yake Joyeuse. Mtihani ungeanza Jumatatu, na chimie ilikuwa ya siku ya mwisho, Alhamisi. Jumatatu hiyo hiyo, risasi zililia upande wa Maboya, na barabara ya Beni ikafungwa.

Salomon hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa na shida nyingine: asidi ilimwishia. Siku zote ilikuja kutoka mpakani Kasindi, kupitia Beni, katika madumu ya njano, ikiwa tayari imechanganywa, ya kumimina tu. Sasa madumu hayakupita. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Kimemi akamletea Jumanne chupa ya kioo kizito, na ndani yake kitu kinachokwenda polepole kama mafuta.

"Hii ni ile yenyewe kabisa, haijaguswa," alimwambia. "Utachanganya we mwenyewe. Si ulisoma?"

"Unaniuliza mi?" alisema Salomon.

Alimimina asidi katika jagi la plastiki. Akachota kikombe cha maji, akakimwaga juu yake chote, kwa mkono wa mtu aliyefanya hivyo miaka kumi na moja.

Jagi likapiga kelele kama mafuta ya moto yaliyoangukiwa na nyama mbichi. Likatema. Matone yalimpata kwenye mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja, mengine yakatoboa suruali, na jagi lenyewe likapinda upande mmoja kama mzee aliyesinzia. Salomon alikimbia kwenye pipa la mvua nyuma ya nyumba, akauzamisha mkono mpaka begani, akapiga kelele ambayo majirani walidhani ni ya jambo lingine.

Ukaungua, mkono ule, tena vibaya. Lakini akiwa amejikunja pale pipani, uso juu ya maji, alichokuwa anakiona si mkono. Aliona kalamu ya Lusenge ikikata mstari. Ikarudi, ikakata wa pili.

Alijaribu kujitetea, hata mbele ya pipa. Pengine asidi ni ya bandia. Siku hizi kila kitu ni cha bandia. Kwa hiyo mkono ulipofungwa kitambaa alirudi, akatia maji katika chungu kikuukuu, akamimina asidi juu yake tone kwa tone, amegeuza uso, macho amefumba nusu. Hakikutokea kitu. Chungu kilipata joto tu, kama cha uji. Akamimina tena. Joto tu. Kumbe ile ya ndani ya bateri ilikuwa imekwisha kulewa maji tangu Kasindi, na miaka yote hiyo yeye alikuwa akiongeza maji kwenye maji na kujiona shujaa.

Akakaa juu ya kigoda chake. Jumanne yote iliyobaki hakusimama mlangoni.

Alijipa sababu za kunyamaza. Item hiyo inaweza isije. Ikija, nani atajua ni nani aliyewafundisha? Lakini kila alipofika mwisho wa hesabu hiyo alikuta namba moja inamngoja: arobaini na tisa. Jumatano asubuhi, kabla hajapata sababu nyingine, alivaa koti lililofunika bandeji akaenda Kimemi, kwenye kibanda cha fonie cha Gracien.

Gracien alikuwa mteja wake, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu. Utaratibu wa fonie ulikuwa huu: asubuhi unaita, foniste wa Beni anamtuma mtu kwenda kumtafuta unayemtaka, mnapeana saa. Walipewa saa nane, mtihani wa siku utakapokuwa umekwisha. Juu ya meza kulikuwa na karatasi imebandikwa: sema wazi, sema kifupi, hakuna code, yaani mafumbo. Wanajeshi walisikiliza. Na si wanajeshi tu. Kila aliyekuwa kwenye njia ile alisikia kila neno: Beni, Lubero, Kasugho huko msituni, na wateja wote waliokaa kwenye benchi la Gracien wakingoja zamu.

Salomon alikuwa ameliandaa neno lake njiani. Lilikuwa neno zuri, fupi, lisilomvua mtu nguo.

Saa nane Gracien alimpa kipaza sauti. "Unafinya hapa kama unasema. Ukimaliza unasema à toi, unaachia."

"Beni, Beni. Jokébed iko? À toi."

Redio ilikwaruza. Ikaja sauti ya binti, nyembamba, inatetemeka. "Mujomba? Ni nani amekufa? À toi."

Hilo hakuwa amelifikiria. Katika miaka ile nani aliitwa kwenye fonie kwa habari njema? Kumbe tangu asubuhi mtoto alikuwa amekaa kwenye mtihani na kifo cha mama yake kichwani.

"Hapana mutu! Mama ni muzima. Bote ni bazima. À toi."

"Asante Mungu. Sasa ni nini, mujomba? Niko hapa na Joyeuse na Lusenge. À toi."

Salomon alikohoa, akatoa neno lake. "Ile kitu niliwaambia siku ile ku ukuta. Ya mbele iwe ya nyuma, na ya nyuma iwe ya mbele. Umesikia? À toi."

Haikujibu sauti ya Jokébed. Ilijibu sauti nene ya mwanamume, yenye Lingala ndani yake.

"Stop! Stop! Nani iko natupa code ku réseau? Ya mbele iko nyuma, ya nyuma iko mbele, ni position ya nani hiyo? Yo nani? Uko wapi? À toi!"

Gracien alivua kofia yake. "Baba," alinong'ona, "sema wazi. Batanikamatia apareyi. Batanikamata na mi mwenyewe."

"Komanda," alisema Salomon, "hapana code. Ni mambo ya examen. À toi."

"Examen gani? We ni mwalimu? À toi."

"Ndiyo" ilikuwa hapo hapo, mdomoni, tayari. Ilikuwa imezoea kutoka yenyewe. Angesema ndiyo, mimi ni mwalimu, na komanda angeuliza wa shule gani, na yeye angetaja shule, na Jokébed angesikia, na Gracien, na mama mmoja wa benchini aliyekuwa anamnyonyesha mtoto na kumtazama. Na uongo huo ungeenda mpaka Kasugho kwa nguvu ya bateri aliyoichaji mwenyewe.

"Hapana, komanda," alisema. "Mi nachaji bateri."

Akasahau kusema à toi. Gracien alimgusa kidole ili aachie, lakini Salomon alikuwa ameanza na hakuweza tena kuacha.

"Niliwaambia batoto nilisoma chimie kwa mapadri. Sikusoma. Nilioshaka chupa za bale benye kusoma. Miaka tatu. Mutoto aliandika ya kweli ku ukuta, na mi nikamucheka mbele ya benzake. Nikasema banamwaga maji ndani ya asidi. Ni uongo. Ni asidi njo inaingia mu maji, polepole. Jana ilinichoma mukono. Lusenge, ufute ile ya mistari mbili. Njo ile tu, komanda. À toi."

Kwanza palikuwa na ule mkwaruzo mtupu. Kisha sauti ya mbali, yenye furaha ya mtu anayekaa msituni bila habari mpya: "Hapa Kasugho. Tumesikia cinq sur cinq. Profesa, huku tuko na bateri tatu zimekufa, kuya utufundishe nazo! À toi."

"Hapa Lubero," ikaja nyingine. "Sisi tuko na chupa za kuosha. À toi."

Kicheko kilipita kwenye njia ile kama mvua juu ya mabati. Komanda naye alicheka, cheko la tumbo. "Endelea, Profesa wa Chupa. Na haraka. À toi."

Watu wa benchi waliziba midomo kwa viganja. Salomon alitazama meza.

"Mujomba," ilisema sauti ya Jokébed. "Nilijua. À toi."

"Ulijua nini? À toi."

"Ya asidi. Mi na Joyeuse tulijua. Ilikuwa mu kahie. Tulinyamaza juu... ulikuwa na furaha, mujomba. Na ni kwako. Tulisema ku ukuta tuache vile, siku ya examen tutaandika ya kweli. À..."

Hakumaliza. Kidole chake kilibaki kwenye kitufe, kwa hiyo kila mtu alisikia yaliyofuata, Lubero alisikia, Kasugho alisikia.

"Na mi?" ilikuwa sauti ya Lusenge. "Jokébed! Na mi?"

"Lusenge, nilifikiri Joyeuse alikuambia..."

"Mi?" alidakia Joyeuse. "Mi nilifikiri ni we!"

"Hakuna aliniambia! Kesho ningeandika maji! Munajua miye niko na ngapi ya mwaka jana, munajua bote, na munaniacha?"

"Nilikuwa na haya. Ningekuambia namna gani kama mujomba wangu anadanganya? Sema we, ningesema namna gani?"

Ikasikika pua ya mtu anayelia. Kisha kitufe kikaachiwa.

Hakuna aliyecheka sasa. Salomon alishika kipaza sauti kwa mkono ulioungua na hakuuhisi. Alikuwa amekuja kubeba haya yake peke yake, kama mtu anayekwenda kutupa takataka zake. Akakuta nyingine amemtwika mtoto wa dada yake, na ile ndiyo iliyokuwa nzito. Yule binti alijua. Alifuta jibu la kweli kwa kiganja chake ili mjomba aendelee kucheka. Akapanda lori na Lusenge hadi Beni, akakaa naye siku nne, akala naye sahani moja, na kila siku akaliahirisha neno moja tu la kumwokoa.

"Jokébed," alisema. "Hapana we. Ni mi njo nilikufunga kinywa. Na Lusenge asikukasirikie we, anikasirikie mi. À toi."

Gracien aliinua vidole viwili: muda unakwisha.

"Beni imesikia," ilijibu redio. Ilikuwa sauti ya foniste, si ya binti. "Terminé."

Alipotoka, ilimpasa kupita mbele ya benchi lote. Vijana wawili walimsalimu kwa kuinama sana: "Profesa!" Alitegemea hilo. Hakutegemea yule mama wa kunyonyesha, aliyemshika koti na kusema kwa upole, bila mzaha wowote, "Pole, baba. Mukono utapona." Hapo ndipo machozi yalipomjaa machoni, akaharakisha njia ya chini ambayo haina watu.

Item ile haikuja. Jokébed alimwambia mama yake, na Virginie akamwambia kaka yake wakiwa uani, akimpa mgongo, akichagua mchele: waliuliza habari za sabuni, habari za kutu ya chuma, na hesabu tatu za mole. "Zile za mole Lusenge alizifanya zote," alisema. Kisha akaongeza, bado amempa mgongo, "Mutoto wangu analia kila akisikia jina yako. Hapana kwa kukuchukia. Anasema alikuaibisha mu fonie."

"Alini—? Yeye?"

"Njo anasema vile."

Salomon alitaka kwenda kumwambia binti kwamba haikuwa hivyo. Alikwenda hadi mlango wa Virginie mara mbili juma lile. Mara ya kwanza alisikia sauti yake ndani akarudi. Mara ya pili Jokébed mwenyewe alifungua, akapiga goti kidogo kama binti aliyelelewa, akasema, "Karibu, mujomba." Salomon akasema amepotea njia. Katika mtaa aliozaliwa.

Mji ulijua, bila shaka. Wateja hawakupungua, maana bateri hazijali nani aliosha chupa. Lakini walipofika waliita kutoka nje, "Profesa iko?" na yeye hakusimama tena mlangoni. Aliunga nyaya, aliandika majina, alisema ndiyo na hapana.

Matokeo yalikuja mwezi wa tisa. Kwa Wabutembo anayepita hupakwa poda nyeupe kichwani mpaka nyusi zipotee, na naye huwapaka waliomsaidia, wazazi kwanza, kisha wengine, na njia nzima huimba. Jokébed alipita, Joyeuse alipita. Lusenge alipata hamsini na sita. Walisikika tangu mbali, wakishuka kutoka barabara kubwa, wadogo zake Lusenge wakipiga masufuria na kuita Cinquante-six, Cinquante-six.

Salomon alifunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

Nyimbo zilifika, zikasimama nje. Mtu aligonga kwa kiganja kikubwa.

"Tonton," alisema Lusenge, anahema. "Fungua. Tuko na poda yako."

Salomon alizidi kukaza mgongo kwenye ubao.

"Tonton, yote niliyojua ya mole nilijifunza ku ukuta yako. Fungua, mama Virginie iko natungoja."

"Mujomba," ilisema sauti ya Jokébed, karibu sana na ubao, hivyo kwamba alisikia pumzi yake. Alisema hilo neno tu.

"Muende kwanza," alisema Salomon kutoka ndani. "Niko na asidi mukononi."

Walingoja kidogo. Joyeuse alisema kitu kwa sauti ya chini, na masufuria yakaanza tena, kwanza bila mpangilio, kisha kwa pamoja, yakielekea kwa Virginie. Salomon alibaki pale, mabega kwenye ubao, mikono miwili mbele yake, wazi, haina kitu.